KOMPYUTA NAYO HUKOSEA



Siku hizi katika baadhi ya mashamba ya chai majani hupimwa kwa mizani ya elektroniki, na kilo zako hupelekwa ofisini kwa mitambo, bila karani kushika kalamu. Ukilalamika kwamba kilo zimepungua, unajibiwa: "Kompyuta haikosei." Hayo si kweli.

Richard Hamming, mtaalamu wa maabara ya Bell huko Marekani, alichoka kuona kazi aliyoiachia mashine mwisho wa juma imeachwa kwa sababu ya kosa moja. Mwaka 1950 alitangaza njia ya kugundua makosa ya tarakimu na kuyasahihisha. Waya mbovu au mawimbi dhaifu huweza kugeuza tarakimu njiani. Kwa hiyo habari hupelekwa pamoja na hesabu ya kuikagua.

Mimi nimesoma shule ya msingi tu, lakini hesabu yenyewe si ngumu. Wachumaji watatu wana kilo 14, 18 na 12. Pamoja nazo hupelekwa jumla, 44. Ikiwa 18 itafika 13, jumla itakuwa 39. Ofisini itajulikana kuna kosa, na habari itarudiwa. Lakini 18 na 12 zikibadilishana nafasi, jumla inabaki 44. Kosa limepita, na mwenzetu mmoja amepoteza kilo 6! Njia iliyo bora ni kuzidisha kila namba kwa nafasi yake: 14 mara 1, 18 mara 2, 12 mara 3, jumla 86. Zikibadilishana inakuwa 92, na kosa linaonekana.

Hata hivyo, ukaguzi huo hulinda safari tu. Kama mnyapara aliandika 12 badala ya 18 palepale mizanini, mtambo utaufikisha uongo huo salama, na hesabu zote zitalingana.

Hatupingi mashine. Tunadai mambo matatu. Kila mchumaji apewe karatasi ya kilo zake palepale mizanini. Mwakilishi wetu alinganishe karatasi hizo na orodha ya mishahara. Na mizani ijaribiwe mbele yetu kwa mawe ya uzito unaojulikana.

Nawe, ndugu, tunza karatasi yako. Jumla ya shamba kulingana si ushahidi kwamba jasho lako limelipwa.

Umoja ni nguvu!