Glasi zikivunjika njiani, nani analipa?

Fungua TikTok usiku wowote na utakutana na msee wa Umoja au Kayole akiuza seti za glasi na bakuli za kioo. Mzigo ameutoa Kamukunji, ama ameagiza China na wenzake kwenye kontena moja. Mteja yuko Kisii na ashalipa kwa M-Pesa. Biz iko sawa, hadi katoni ifunguliwe.

Wengi hulaumu makanga kwa kurusha mizigo. Ni kweli, wanarusha. Lakini shida huanzia kwenye nauli ya mzigo. Kwa ndege unalipia kilo, na glasi ni nzito, ndiyo maana watu hukimbilia meli. Huko mzigo mdogo hutozwa kwa mita ya ujazo, yaani unalipia nafasi. Kwa basi, karani anatazama tu ukubwa wa katoni na kutaja bei. Sasa, kinachokinga glasi ni hiyo hiyo nafasi: magazeti, sponji, trei za mayai. Ukiongeza, unalipa zaidi. Ukipunguza, unacheza kamari, na mwenye mtaji mdogo ndiye hucheza zaidi.

Safari nayo ni ndefu. Kontena linashushwa Mombasa, linapanda SGR au lori, linafunguliwa kwa ukaguzi, pengine hapa hapa bandari kavu ya Embakasi. Kisha katoni inapitia mkokoteni, boda na buti ya basi. Kibandiko cha "shika polepole" hakuna anayekisoma.

Zikivunjika, risiti mara nyingi ishasema hasara ni ya mwenye mzigo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kufidiwa kwa hasara ya bidhaa au huduma mbovu, lakini nani ataenda kortini kwa glasi sita? Hasara inashuka hadi kwa kijana wa mtaani, ama kwa mteja aliyeblokiwa.

Kwa hivyo muuzaji, gharama ya kufunga iweke kwenye bei na uitaje wazi. Funga kila glasi peke yake, jaza karatasi ndani yake, sahani zisimame wima. Tikisa katoni, ikilia, anza upya. Piga video ukifunga, mteja naye apige akifungua, na mkubaliane mapema nani atabeba hasara.

Na wewe mnunuzi, ukiona glasi za bei rahisi kuliko za kila mtu, jua kuna kitu kimepunguzwa. Mara nyingi ni magazeti.