TUYAJUE MANENO YA MRADI KABLA YA KUNYOSHA MIKONO

Ndugu wanaushirika,

Jumamosi ijayo, baada ya sala ya alasiri, tutakutana kuamua juu ya mradi wa ghala na chanja za kuanikia mwani. Karatasi ya mradi imebandikwa hapa pembeni. Wengi wameipita tu. Wengine wameniuliza, "Katibu, humu ndani mna nini?" Swali hilo ni la haki. Fedha zitakazotumika ni hisa zetu na makato ya mwani wetu, na mtu hawezi kukubali jambo ambalo maneno yake hayajui, halafu mwakani aambiwe achangie tena. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Katika ushirika hapana. Humu kila mwanachama lazima aambiwe.

MRADI ni kazi yenye mwanzo na mwisho. Kulima mwani siyo mradi, ni kazi yetu ya kila bamvua. Kujenga ghala ndiyo mradi, maana iko siku fundi ataondoka na ufunguo tutakabidhiwa. Kazi ikiitwa mradi na siku ya mwisho haikuandikwa, basi na fedha nazo hazitakuwa na mwisho.

LENGO ni kile tunachotaka kupata, kwa hesabu na kwa tarehe. "Kuinua hali ya maisha ya wanakijiji" siyo lengo, hiyo ni dua. Lengo ni kusema chanja ngapi, na ziwe tayari kabla ya masika ya mwaka gani. Hapo hata mtoto wa shule ataweza kwenda kuhesabu na kusema limefikiwa au halikufikiwa.

Lakini ndugu, hesabu kubwa peke yake haitoshi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga hapa nchini, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa na hesabu: ekari zaidi ya milioni 3, kwa pauni kama milioni 25. Wataalamu walizunguka nchi kwa majuma 9 tu, sehemu kubwa wakiwa ndani ya ndege. Hawakuanza na shamba dogo la majaribio. Kumbe mvua ya Kongwa haitabiriki, na kiangazi udongo wake hukauka ukawa mgumu kama saruji. Matrekta yakavunjika. Mwanzoni mwa 1951 mpango ukaachwa, na hasara ilikuwa pauni zipatazo milioni 36.

Hapo ndipo tunapata neno VIHATARISHI. Ni mambo yanayoweza kuuharibu mradi, na yanaandikwa mapema, kila moja na dawa yake. Wakulima wa Ugogo waliijua ardhi yao. Na sisi tunaijua bahari yetu. Je, chanja zikijengwa pale chini, kusi ikivuma itakuwaje? Masika yakizidi, gari litafika ghalani? Akina mama wanaovuna mwani wana majibu kuliko mtaalamu yeyote. Waulizwe sasa.

HATUA ni ngazi za mradi: kubuni, kupanga, kutekeleza, kukabidhi. Ngazi hairukwi. Tunao mfano hapa hapa Bagamoyo. Makubaliano ya awali ya bandari ya Mbegani yalitiwa saini mwaka 2013. Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete akaweka jiwe la msingi, huku mazungumzo ya masharti yakiwa bado yanaendelea. Mwaka 2019 Rais John Magufuli akasema hadharani kwamba masharti ya wawekezaji hayakubaliki, na mradi ukasimama. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa. Funzo kwetu ni kwamba jiwe la msingi siyo jengo. Tukishindwa kukubaliana masharti na fundi kabla ya kuchimba msingi, tutakuwa na shimo.

WADAU ni wote wanaoguswa na mradi, siyo wenye fedha peke yao. Jirani ambaye njia yake itazibwa na ghala ni mdau. Mvuvi anayeanika dagaa pale pale ni mdau.

RATIBA ni kupanga kazi ipi itangulie. Kuna kazi zinazoshikilia nyingine: mabati yakichelewa, milango inasubiri, lakini fundi analipwa. Tena siku za bamvua watu wote wako majini, kwa hiyo asiandike mtu kazi ya msaragambo siku hizo.

BAJETI ni hesabu ya gharama yote, pamoja na akiba ya dharura. Bei ya saruji haingoji kikao. Mipango siyo matumizi.

UFUATILIAJI ni kutazama kazi ikiwa inaendelea. TATHMINI ni kupima mwishoni kama tulipata tulichokitaka. Anayefuatilia akingoja mpaka mwisho, huyo anakwenda mazikoni.

Mwisho, MSIMAMIZI. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. "Kamati itashughulikia" maana yake hakuna wa kuulizwa. Liandikwe jina la mtu mmoja, na kamati imsaidie na kumkagua.

Sasa itazameni tena karatasi ile. Mtaona mahali patatu pametupu: tarehe ya kumaliza, jina la msimamizi, na nani atalitunza ghala baada ya fundi kuondoka. Mimi nautaka mradi huu. Mwani tunaouanika mchangani unachanganyika na mchanga, na mnunuzi anatupunja kwa sababu hiyo hiyo. Lakini karatasi ikiletwa mkutanoni ilivyo leo, mkono wangu utabaki chini, na nawaomba na wenu ubaki chini mpaka mahali hapo patatu pajazwe mbele yetu sote.

Asiyesoma amwombe mwanawe amsomee. Tukutane Jumamosi, tuje na maswali.

Katibu