Kiharusi si mwisho wa ubongo

Wasee, tuache hii maneno ya "ubongo ukishakufa, basi, ameisha." Kiharusi kikiziba mshipa mkubwa wa damu, seli za neva kama milioni 1.9 hufa kila dakika. Ndiyo maana mgonjwa hukimbizwa hospitali. Si kwa mganga, na si kesho.

Lakini mwaka 2002, wanasayansi wa Lund, Uswidi, walionyesha kitu: ubongo wa panya aliyepata kiharusi huzalisha seli mpya na kuzituma palipoumia. Noma ni kwamba zaidi ya asilimia 80 hufa. Mshukiwa mmoja ni kinga ya ubongo wenyewe: inavimbisha mahali ili isafishe uchafu, halafu inaumiza hata mafundi.

Usikimbilie vidonge vya kupunguza uvimbe. Bila kusafisha, hakuna kujenga. Watafiti ndio watafute kipimo.

Kazi yetu? Shosho akipinda mdomo, mkono ukikataa kuinuka, maneno yakivurugika, mbio hospitali. Akirudi nyumbani, msimwache kitandani kama tayari mmemzika. Ubongo hujifunza njia mpya kwa mazoezi. Wake bado uko mjengo.