Kabla Hujasema Ni Mkorogo

Wanachuo wenzangu, leo naomba tuongelee mikono. Nianze na ya kwangu.

Mwaka jana, siku chache baada ya kurudi chuoni kutoka kwenye harusi ya binamu yangu, niliamka nikakuta mabaka meusi mgongoni mwa mikono yote miwili. Hayakuwa duara. Mengine yalikuwa kama michirizi ya maji, yakishuka kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko. Kabla ya hapo nilihisi ngozi inawaka kidogo nikapuuza, nikidhani ni sabuni ya kuoshea masufuria ya shughuli.

Kabla mimi sijajua nina nini, hosteli nzima ilishajua. Kwenye foleni ya kafteria dada mmoja aliniuliza kwa sauti, "Vipi, mkorogo umegoma vidoleni?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana ungefanyaje? Chumbani nikaambiwa ni piko feki. Mwingine, kwa ile sauti ya chini ya huruma, akanishauri "nikapime". Hakusema nipime nini, ila wote tulielewa. Wa nne akataka kujua kama kule harusini kuna mtu niliyekosana naye. Yaani majibu manne ndani ya siku mbili, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilishika nini.

Nikaenda duka la dawa. Muuzaji alitupia jicho mikono yangu mara moja, akanipa tyubu ya krimu na kusema, "Hii inamaliza kila kitu." Nikalipa. Nikapaka siku kumi, nikivaa mikono mirefu kwenye joto la Machi. Kwenye vimbweta nilikuwa nasoma madesa mikono ikiwa chini ya mkoba. Mabaka hayakutikisika.

Mwishoni nilikwenda kwa tabibu, na yeye alifanya jambo dogo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake: aliuliza. Yalianza lini? Yanawasha? Yaliuma kwanza? Unatumia dawa gani? Unapaka nini? Akaniambia nifumbe macho, akanigusa na kipande cha pamba hapa na pale, nimwambie nikihisi. Kisha akauliza, "Wiki ile kabla hayajatokea, ulikuwa wapi, ukifanya kazi gani?" Nikamwambia harusini, nikisaidia jikoni. Kazi ipi? Kukamua ndimu za kuku na kachumbari, ndoo nzima. Ndani au nje? Nje, uani, tangu saa nne mpaka saa nane mchana.

Akatabasamu. "Basi ni ndimu hizo, mwanangu."

Maji ya ndimu, hasa ya ganda lake, yana kemikali ambazo zikikaa kwenye ngozi kisha zikapigwa na mionzi ya jua huiunguza. Si mzio, kwa hiyo linaweza kumpata yeyote. Siku moja au mbili baadaye ngozi huwaka, wengine hutoka malengelenge, na baada ya hapo linabaki doa jeusi mahali palepale maji yalipopita. Ndiyo maana yangu yalikuwa michirizi. Madoa hayo hukaa wiki kadhaa, hata miezi, kisha hufifia yenyewe. Yangu yalichukua kama miezi mitatu. Ile tyubu, aliposoma maandishi yake, ilikuwa mchanganyiko wa dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Sikuwa na fangasi wala bakteria. Steroidi nayo ukiipaka ovyo kwa muda mrefu hukonda ngozi na kuipausha, na kama una choa kweli, huufanya ufiche sura yake huku ukiendelea kusambaa.

Naandika haya kwa sababu nadhani tuna tabia mbaya hapa chuoni. Tunafundishwa kila siku kwamba dai linahitaji ushahidi. Mtu akileta hoja kwenye semina bila ushahidi tunamkalia kooni. Lakini baka likitokea kwenye mkono wa mwenzetu, kila mmoja anakuwa hakimu. Na hukumu hiyo si utani tu, kwa sababu inamfanya mtu aufiche mkono, na mkono uliofichwa hautibiwi.

Chukua vifundo vya vidole vyeusi, ambavyo hapa vimeshapewa maana moja tu. Mkorogo unaweza kuleta hali hiyo, sibishi. Lakini upungufu wa vitamini B12 nao huweza kuvifanya vifundo vya vidole kuwa vyeusi, hasa kwa watu wenye ngozi nyeusi kama sisi. Pumu ya ngozi, ukijikuna miaka na miaka, huacha weusi palepale. Kuna pia ugonjwa ambao daktari Mwingereza Thomas Addison aliueleza mwaka 1855, wa tezi zilizo juu ya figo kushindwa kazi. Moja ya dalili zake ni kuwa mweusi kwenye mistari ya viganja na vifundo vya vidole, pamoja na uchovu na kupungua uzito. Usipotibiwa unaua. Fikiria dada mwenye ugonjwa huo anachekwa kwenye foleni kwamba mkorogo umegoma. Ataenda hospitali, au atanunua glavu?

Mabaka meupe nayo yana hadithi zake. Mbalanga hutokea pale kinga ya mwili inapozishambulia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Hauambukizi kwa kushikana mikono, kula sahani moja wala kulala chumba kimoja. Michael Jackson, ambaye dunia nzima ilisema kajichubua, alieleza mwaka 1993 kwenye mahojiano na Oprah Winfrey kwamba ana tatizo linaloharibu rangi ya ngozi, na uchunguzi wa maiti yake mwaka 2009 ulithibitisha kuwa alikuwa na mbalanga. Miaka kumi na sita ilipita kati ya kauli yake na uthibitisho ule, na hadi leo wapo wanaobisha.

Wakati mwingine rangi huondolewa na kemikali ya kazini. Mwishoni mwa miaka ya 1930 huko Marekani, wafanyakazi wa kiwanda cha kusindika ngozi walianza kupata weupe mikononi na kwenye sehemu ya chini ya mikono. Hawakuwa wagonjwa wa mbalanga. Sababu ilikuwa glavu za mpira walizovaa kujikinga, kwani mpira ule ulitiwa kemikali ya jamii moja na haidrokwinoni. Na haidrokwinoni ndiyo iliyokuja kuwa maarufu kwenye krimu za kujichubua. Jambo hilo lilijulikana kwa sababu kuna watu waliokwenda kiwandani na kuuliza wale wafanyakazi wanavaa nini.

Halafu kuna ukoma. Najua neno lenyewe linatisha, na ndiyo sababu nalitaja. Ukoma huanza mara nyingi na baka lililopauka au jekundu ambalo haliwashi wala haliumi, na mara nyingi ukiligusa huhisi kitu. Ile pamba ya tabibu ilikuwa ya kutafuta hilo. Husababishwa na bakteria aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873. Watu wengi sana wana kinga ya asili dhidi yake, na tangu 1995 dawa zake hutolewa bure duniani. Tiba ni miezi sita au kumi na miwili, kutegemea aina, na mgonjwa akishaanza dawa haambukizi tena. Kinachokata vidole ni kuchelewa. Neva zikishaharibika, mkono haujui tena moto wala kisu, na dawa haiwezi kuzirudisha. Kwa hiyo mtu akificha baka lile miaka miwili kwa kuogopa jina, anapoteza kile ambacho dawa ya bure ingekiokoa.

Nasikia mtu anasema: lakini mkorogo si upo? Upo. Kuna krimu zinauzwa zikiwa na zebaki, ambayo inaharibu figo, na nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta weusi wa bluu usiotoka kirahisi. Sheria yetu imezipiga marufuku na bado zinapatikana. Lakini hebu tuulize, kumcheka anayetumia kumemfanya nani aache? Ninavyoona, anayechekwa huongeza krimu ili kufunika kilichoharibika. Huyo naye anamhitaji daktari, pengine kuliko mimi na ndimu zangu. Na hawezi kumwambia daktari ukweli kama ameshajifunza kutoka kwetu kwamba ukweli wake ni kichekesho.

Sasa niseme kilichonifanya nikae chini niandike. Julai ile nilikwenda TP kwenye shule ya sekondari. Kidato cha pili nilikuwa na kijana mmoja, mwerevu wa hesabu, ambaye nikimwita ubaoni anasema hajui. Nikikagua daftari lake, jibu lipo. Wiki ya pili nikaona kwamba akiketi analalia mkono wa kulia. Wiki ya tatu nikamlazimisha aje ubaoni, na hilo nalijutia. Alikuja. Mgongo wa mkono ulikuwa na mabaka meupe, na vidole vitatu vimepoteza rangi kabisa. Akaandika vizuri, akaiweka chaki pale chini ya ubao. Niliyemwita baada yake akaja, akaitazama chaki ile, akaenda kuchukua nyingine kwenye boksi.

Darasa zima lilikuwa kimya. Na mimi, mwalimu, sikuwa na la kusema. Nimesoma saikolojia ya elimu, nimesoma ufundishaji, ninaweza kukueleza nadharia za kujifunza mpaka kesho. Kuhusu ngozi ya mtoto sikuwa nimefundishwa hata dakika tano.

Baadaye nilizungumza na mama yake. Alikuwa ameshampeleka hospitali zamani, akaambiwa ni mbalanga. Shule ilijua. Mwalimu wa darasa alijua. Darasa peke yake ndilo halikuambiwa, kwa hiyo lilijitungia jibu lake, kama hosteli yetu ilivyojitungia la kwangu. Kwa ruhusa ya mama na ya kijana mwenyewe, kipindi kilichofuata nilitumia dakika kumi kueleza mbalanga ni nini. Sitadanganya kwamba siku ile mambo yalibadilika. Wawili watatu walianza kumwachia nafasi kwenye dawati. Alikuja ubaoni mara mbili kabla sijaondoka.

Sisi wa elimu tutakuwa watu wa kwanza, baada ya wazazi, kuiona mikono ya watoto kila siku. Daktari huwaona watoto wagonjwa walioletwa. Mwalimu huwaona wote, wakiwa wameshika kalamu. Mtoto mwenye baka lisilohisi kitu, au anayeungua jikoni bila kujua, anaweza kuonekana kwanza na mimi au wewe. Ama tutamuuliza, ama tutamrudisha nyumbani na jina la kuchekwa.

Kwa hiyo naiomba serikali ya wanafunzi jambo moja, na halina gharama kubwa. Kabla ya TP ya mwaka huu, tupate nusu siku na wataalamu wa ngozi. Nchi hii haina upungufu wa mahali pa kuanzia. Pale KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Watuoneshe picha, watufundishe pamba inavyotumika, watuambie lini tusisubiri: baka lisilo na hisia, doa jeusi linalokua kiganjani au chini ya ukucha, unjano wa mikono unaoambatana na unjano wa macho. Maana viganja vya njano vyenye macho meupe vinaweza kuwa ni karoti au mapapai tu uliyokula kupita kiasi.

Na kwetu sisi wa kwenye foleni, ombi ni dogo zaidi. Ukiona mkono wa mwenzako umebadilika rangi, una chaguo mbili. Unyamaze, maana si lazima kila tuonacho tukiseme. Au ukiwa rafiki yake kweli, umuulize mkiwa wawili, "Hii ilianza lini? Umeshaonana na daktari?" Akisema bado, mwambie utamsindikiza, kisha msindikize kweli.

Yule dada wa kafteria tuko darasa moja mpaka leo. Majuzi aliniona nakamua ndimu kwenye mihogo, akaniambia, "We, kaa kivulini." Tulicheka wote wawili, na safari hii nilicheka kweli.