Maoni Yetu: Deni Linalonyima Usingizi

Katika kuzungukia matawi yetu twasikia malalamiko ya namna moja. Mtu aenda hospitali, aambiwa ana presha, apunguze chumvi. Chumvi aipunguza, na usingizi bado haumjii. Ukikaa naye barazani ukamwuliza taratibu, atakwambia: "Ndugu yangu, kesho ni siku ya marejesho."

Mikopo hiyo watu wameipa jina, nao hawakukosea: kausha damu. Mama ntilie achukua fedha leo, kesho aanza kulipa, kila siku au kila juma, biashara iende isiende. Chakula kikilala bila kuuzwa, deni halilali. Akishindwa, huchukuliwa kitanda, runinga, hata jiko na masufuria yake; sasa salio atalipa kwa kupikia nini? Wengine hukopa kwa huyu wamlipe yule, na mume nyumbani hana habari. Siku akijua, ugomvi wake wasikiwa na mtaa mzima, watoto wakiwamo.

Siku hizi mkopeshaji amehamia ndani ya simu. Ukichelewa kidogo, jamaa zako wapelekewa ujumbe wa kukuaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Twashukuru. Lakini Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018, na miaka sita ni mingi kwa mtu anayejificha uani akisikia hodi mlangoni.

Wako wasemao kwamba watu wetu wapenda mno kukopa. Hao tuwaulize: mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mchuuzi gani wa mboga anazo fedha hizo kibindoni?

Sheria yaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Kila mwenyekiti wa tawi na aende juma hili kwa ofisa maendeleo wa kata yake, aulize ni vikundi vingapi vya mtaa wake vilivyopata na vingapi vilivyonyimwa, na kwa sababu gani. Jibu atuletee, tutalichapa hapa hapa.