Tiranosauri wa vidole vitatu: nani anawadanganya watoto wetu?

Familia mliokimbilia Beni na Butembo mnaotusoma kwenye simu ya jirani, leo nazungumzia vitu vya kuchezea watoto. Najua mtakalosema: watu wanalala chini ya maturubai, barabara ya Mbau–Kamango inatisha, na huyu mwandishi anatuletea dinosauri. Ndiyo, nawaletea.

Sikukuu zikikaribia, makontena kutoka China yanapitia Mombasa na Kasindi na kumwaga mjini mifuko ya wanyama wa plastiki. Ndani unakuta dinosauri kumi au zaidi, simba mmoja, mti wa kijani, na mara nyingine mtu mwenye mkuki. Iko kwenye soko kuu la Butembo, iko Kilokwa pale Beni, na watu wenye moyo mwema wanaipeleka mpaka kambini. Ukiuliza kama wanyama hao ni wa kweli, wauzaji wana jibu moja: ni plastiki tu, mtoto atajua nini.

Jibu hilo ndilo ninalolikataa. Mtoto ambaye darasa lake limefungwa, au limegeuka mahali pa kulala wakimbizi, hana kitabu cha biolojia. Mfuko ule ndio kitabu chake.

Basi tuufungue. Tiranosauri kwanza: hesabu vidole vya mkono. Wa plastiki mara nyingi ana vitatu, wa kweli alikuwa na viwili. Wa plastiki ameegemea mkia kama mzee aliyechoka (asipoegemea anaanguka, hilo naelewa), lakini wa kweli aliuinua nyuma ili usawazishe uzito wa kichwa. Yule mwenye tanga mgongoni, dimetrodoni, si dinosauri hata kidogo. Alitoweka zaidi ya miaka milioni 30 kabla ya dinosauri wa kwanza, na kwa ukoo yuko karibu zaidi na sisi tunaonyonyesha watoto kuliko na mijusi. Mwenye mabawa ya ngozi ni terosauri, naye pia si dinosauri. Velosiraptori wanamvika ngozi ya mamba, ingawa mwaka 2007 watafiti walieleza vinundu kwenye mfupa wa mkono wake vilivyoshikilia manyoya kama ya ndege. Na kimo chake hakikuzidi sana cha bata mzinga!

Mtu mwenye mkuki ndiye uongo mkubwa kuliko wote. Wanyama wale walikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Binadamu kama sisi ana miaka kama 300,000. Nasi hapa tuna ushahidi wetu wa watu wa zamani: Ishango, pale Semuliki inapotoka ziwani, mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye alama za mikato, wenye umri wa miaka kama 20,000. Ndiyo ule uliopo Brussels. Waliouchonga walivua samaki na kuwajua viboko. Dinosauri hawakumwona.

Wengine wananiambia dinosauri ni mambo ya wazungu. Waende Tendaguru, mkoa wa Lindi, Tanzania. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko, lakini jembe na mzigo vilikuwa mikononi na vichwani mwa mamia ya Waafrika, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa kwa miguu siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao amesimama leo Berlin, urefu wa mita 13 kwenda juu. Tendaguru hiyohiyo ilitoa kentrosauri, mwenye miiba mirefu mgongoni na mkiani. Huyo simkuti kwenye mifuko, na bado wananiambia mtoto anapenda kitu cha kutisha tu. Kutisha gani kunazidi miiba ile? Mvuto siudharau. Mtoto atachagua meno kwanza, hata mimi ningechagua meno. Lakini meno ya kweli na vidole vya kweli havigombani.

Na msiseme kidole au kwato ni jambo dogo, hasa nyinyi wa Beni. Mwaka 1900 Harry Johnston, aliyetawala Uganda kwa niaba ya Waingereza, alifika kwenye kituo cha Mbeni akimtafuta mnyama wa msituni ambaye Wambuti walimweleza. Alishaamini kuwa ni aina ya punda au farasi. Walipomwonyesha nyayo zenye kwato zilizopasuka mbili, alikataa kuzifuata. Mwaka 1901 Karl Eriksson, ofisa Mswidi wa kituo hicho, alimpelekea ngozi na mafuvu mawili, na ukweli ukajulikana: okapi ni ndugu wa twiga, kwato zake zimepasuka. Johnston mwenyewe akadhani ni jamaa wa mnyama wa kale ambaye mifupa yake ilipatikana Ugiriki. Watu wa msitu walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo, bwana mkubwa ndiye hakusikia.

Wafanyabiashara wetu wakiwa Guangzhou wanakagua kitenge mpaka uzi, wanagonga kila kipuri cha pikipiki. Kwa kitu cha mtoto wanafumba macho. Kuchagua mfuko usio na mtu mwenye mkuki hakuongezi hata franka moja. Kuweka ndani kikaratasi chenye jina la kila mnyama na nchi mifupa yake ilikopatikana kunagharimu fotokopi tu. Walimu waliohamia mjini bila kazi wanaweza kukiandika, kwa Kiswahili, na walipwe.

Kwa sasa watoto wengi kambini hawana hata mfuko huo. Wanafinyanga udongo, na nilichoona mara nyingi ni bunduki. Mzazi uliye karibu nao, waombe wakufinyangie okapi, na uwaambie kwato zimepasuka mbili.