Watoto na lile duara jekundu

Mzazi wa Mutuka unayepanga kuwapeleka watoto Unguja likizo hii, usiishie ufukweni. Wapitishe Mkunazini, kanisa la Kianglikana lililoanza kujengwa 1873 palipokuwa soko la watumwa.

Watachekea nguzo za nyuma: husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini Askofu Edward Steere akiwa hayupo, naye akaziacha hivyo hivyo. Kuna na msalaba wa mti wa Chitambo, ulipozikwa moyo wa Livingstone.

Kisha wataliona duara jeupe lenye ukingo mwekundu penye madhabahu. Huonyesha mahali pa kuchapia watumwa. Wekundu ni damu. Wakiuliza, usiseme ni pambo. Wa miaka minane anaelewa mtu kuuzwa. Mdogo zaidi, mwambie watu waliumizwa hapa, umshike mkono.